Telefone inakusanya majina, kesi inataka ushahidi

Ba ndugu wachimbaji, ba mama na ba baba wa Kasenga, mu sendika tunaulizwa kila mara: ni kweli mutu anaweza kuingia mu kesi ya Ulaya kwa telefone tu? Ndiyo, inawezekana. Lakini kuingia siyo kushinda, na njo hapo tunataka tuelewane.

Kesi ya watu wengi ni hivi: pahali pa kila mutu kutafuta avoka wake, wote walioumizwa na jambo moja wanasimama pamoja mbele ya juji. Zamani avoka alipaswa kupita kijiji kwa kijiji na daftari. Sasa jina, picha ya kadi ya uchaguzi na karatasi ya hospitali vinafika mu komputa yake siku ile ile, na programu inavipanga. Njo maana kesi zimekuwa kubwa vile. Kule Brazil, bwawa la taka za mugodi wa chuma lilipasuka Mariana tarehe 5 novemba 2015, watu 19 wakakufa. Zaidi ya watu 600.000 walijiunga mu kesi moja London juu ya kampuni BHP, na mu novemba 2025 juji alisema BHP inabeba lawama.

Karibu na sisi, ng'ambo ya Kasumbalesa, wanakijiji 1.826 wa Chingola walishitaki Vedanta kule London juu ya maji yaliyochafuliwa. Vedanta ilijitetea kwamba mugodi ni wa kampuni ingine ya Zambia, yenyewe haihusiki. Lakini ripoti ambazo Vedanta ilitangaza kwa mukono wake, ikijisifu namna inavyosimamia mazingira mu migodi yake, zilisaidia kuvunja maneno yale. Tarehe 10 aprili 2019 tribinali kubwa ya Uingereza ikasema kesi inaweza kusikilizwa kule. Mu 2021 wakapatana, bila kampuni kukubali kosa. Ripoti za namna ile, leo kijana mwenye mega mu telefone anaweza kuzisoma na kuzichunga.

Lakini wingi peke yake haufungui mulango. Ba avoka wa watu wa Kabwe walienda ku tribinali ya Johannesburg mu 2020 juu ya Anglo American South Africa, wakisema wanawake na watoto karibu 140.000 wameguswa na sumu ya plomb ya mugodi wa zamani. Mu desemba 2023 juji alikatala isiende kama kesi ya wote. Mwaka uliofuata walipata ruhusa ya kukata rufaa.

Na sisi tuko na Kilwa, kaskazini yetu. Mu oktoba 2004 jeshi liliua watu zaidi ya 70, na magari ya kampuni Anvil Mining yalitumiwa. Kampuni ilisema yalichukuliwa kwa nguvu. Kesi ya wote ilifunguliwa Montréal mu 2010. Mu 2012 Canada ikasema pale siyo pahali pake. Mu 2017 Komisyo ya Afrika ya haki za binadamu iliagiza serikali yetu ilipe dola milioni 2,5 kwa wahanga 8 waliokuwa mu malalamiko, na itafute wale wengine. Tuangalie vizuri hesabu ile. Wale 8, jambo lao lilikuwa limeandikwa. Wengine walibaki wa kutafutwa.

Sheria yetu wenyewe haiko zaifu. Code minier, iliyorekebishwa mu marsi 2018, kifungu 285 bis, inasema mwenye haki ya mugodi analipa hasara ambayo kazi yake ilileta kwa watu, mali na mazingira, hata kama hakufanya kosa. Basi tunapaswa kuonyesha vitu viwili: hasara iko, na ilitoka kwake. Hapo telefone inasaidia kweli.

Piga picha ya muto ao ya shamba pahali pamoja, siku mbalimbali. Chunga picha ya kwanza yenyewe mu karte-memwari, juu ukiituma kwa WhatsApp inapoteza tarehe iliyofichwa ndani yake. Mupe mutu mwingine kopi. Mukataba, bulletin ya mushahara na karatasi ya munganga, zipige picha, lakini usitupe karatasi. Hata satelite ziko: picha za Sentinel za Ulaya ni za bure tangu 2015, na mwenye kuzijua anaweza kuonyesha bwawa la taka lilifika ku shamba lako mwaka gani.

Lakini ile njia inayobeba jina lako kwa siku moja inaweza kulibeba kwa mwizi ao kwa mukubwa wako wa kazi. Mbele ya kutuma kitu, uliza: avoka ni wa baro gani? Atachukua sehemu gani ya pesa? Kesi kubwa mara mingi zinalipiwa na watu wa biashara, nao watataka sehemu yao. Nani anachunga liste? Naweza kujiondoa? Na yule anayeomba pesa ya kuandikisha jina kwa Mobile Money, mukatalie.

Tunaomba kila timu na kila kijiji kiwe na daftari moja: tarehe, jambo, walioona, sahihi. Avoka akikuja kesho, ao kisha miaka kumi, akute kazi imekwisha kuanza.