Baiokemia si udaktari, lakini Miritini inaihitaji

Jumamosi iliyopita jirani yangu alinijia na simu mkononi kabla sijamaliza chai. Bintiye amefanya KCSE, amepata alama za kumfikisha chuo kikuu, na sasa ukurasa wa KUCCPS umemjalia majina ya kozi ambayo hata kuyatamka ni kazi.

"Kaka, wewe ulisoma mambo haya," akaniambia. "Hii baiokemia ni udaktari au si udaktari?"

Si udaktari, nikamjibu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza lile ambalo ndilo lililomtoa kwake asubuhi: "Basi akimaliza ataandikwa na nani?"

Nilimjibu, lakini najua si yeye peke yake mwenye swali hilo huku Miritini, Mikindani na Jomvu, kwa hivyo naliandika hapa. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia sekondari pevu Januari 2026, na serikali inataka wengi wao wachukue mkondo wa sayansi. Wazazi wanaambiwa sayansi ina kazi. Ni kweli nusu.

Kwanza kozi yenyewe. Baiokemia ni kemia ya kiumbe hai: chakula kinavyogeuka nguvu, damu inavyobeba hewa, dawa inavyoshika pale inapotakiwa kushika. Baiofizikia inauliza mambo hayo hayo kwa vyombo vya fizikia, yaani miale, umeme na hesabu. Huku kwetu ni nadra kuikuta kama shahada ya kwanza inayojitegemea. Anayeitaka husoma fizikia au baiokemia kwanza, kisha hupinda kona akifika uzamili. Baiokemia yenyewe inafundishwa Nairobi, Kenyatta, JKUAT na Egerton, na kwetu Pwani ipo Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi. Ni miaka minne.

Sasa lile linaloumiza watu, na mimi liliniumiza. Nilipohitimu nilibeba vyeti vyangu hadi hospitali moja nikiomba kazi ya maabara. Nilikuwa najua kupima protini, najua vimeng'enya kwa majina, najua kuendesha mashine ambayo hospitali yenyewe haikuwa nayo. Bwana aliyenipokea aliniuliza swali moja tu: uko wapi usajili wako? Sikuwa nao, na nisingeweza kuupata. Sheria ya mwaka 1999 iliunda bodi inayosajili wataalamu wa maabara za matibabu, na asiyesajiliwa hana ruhusa ya kumpima mgonjwa. Usajili huo unafuata masomo ya maabara ya matibabu, iwe ni shahada au diploma kama ile ya KMTC. Baiokemia ni kitu kingine. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo miaka minne nzima, na mimi sikuuliza. Nilipofikiria ualimu, TSC nayo ilitaka nisomee ualimu kwanza.

Silaumu sheria. Mtu anayesoma damu ya mama yangu nataka awe amefundishwa kazi hiyo. Lawama yangu ni kwa wale wanaowauzia vijana kozi bila kuwaonyesha mlango wa kutokea. Kijana wa diploma ya miaka mitatu alikuwa kazini wakati mimi wa shahada nazurura na bahasha.

Nilikuja kupata kazi katika kiwanda kimoja cha mafuta ya kupikia upande wa Changamwe. Kazi yangu ilikuwa kupima asidi iliyojitenga ndani ya mafuta na kiwango cha uchachu, kila shifti, kabla ya mitungi kufungwa. Haikuwa ndoto niliyoimba shuleni, lakini ilikuwa baiokemia halisi: mafuta yanachacha kwa sababu hewa inayavamia, na unaweza kuupima uvamizi huo kwa namba kabla pua haijanusa. Kazi za namna hii zipo mji huu kuliko watu wanavyodhani. Tuna bandari. Ngano, mchele, mafuta, samaki na dawa vinapita hapa, na kila shehena inatakiwa ipimwe na mtu. KEBS wako hapa, Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi Mombasa, na viwanda vina maabara zao. Kasoro ni kwamba nafasi ni chache, hutangazwa kwa mnong'ono, na kandarasi za miezi mitatu mitatu zimekuwa desturi.

Lakini kama ningeulizwa kwa nini Miritini inamhitaji mtoto wa jirani yangu, singetaja kiwanda. Ningemwonyesha Owino Uhuru, hapo Mikindani.

Wengi mnaijua habari hiyo kwa upande wa mahakama. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi kilijengwa kikigusana na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo mwaka 2009, aligundua kuwa mwanawe aliyekuwa akinyonya ana sumu ya risasi mwilini, akaacha kazi na kuanza kupigania kijiji. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, Mahakama ya Rufaa ikaupangua uamuzi huo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha.

Upande wa baiokemia husemwa mara chache. Risasi ni laghai. Mwilini hujifanya kalisi, ndiyo maana huingia kwenye mifupa na kukaa humo miongo, na hupenya ubongo wa mtoto ambao bado unajengwa. Pia hukalia nafasi ya zinki katika kimeng'enya kimoja kinachosaidia kutengeneza kile kiini chekundu cha damu, kimeng'enya kinasimama, na mtoto anapungukiwa damu huku mama akiambiwa ampe mboga za kijani. Mkono haukatiki, jeraha halionekani. Ushahidi wote uko ndani ya tone la damu na kiganja cha udongo, na lazima awepo mtu wa kuusoma. Bila vipimo, kesi ile ingekuwa maneno ya akina mama dhidi ya maneno ya kampuni, na sote tunajua nani huaminiwa.

Na si Owino Uhuru pekee. Shakahola, makaburi yalianza kufukuliwa Aprili 2023. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili ya wapendwa wao Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, kwa sababu kuilinganisha DNA ya mamia ya miili na ya jamaa zao ni kazi ya maabara, na maabara inataka watu na kemikali. Kila mzazi aliyekaa Malindi akisubiri alikuwa anasubiri, kwa lugha nyingine, wanabaiokemia.

Damu ya Pwani hata imewahi kuifundisha dunia. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake kule Marekani walionyesha kuwa selimundu inatokana na hemoglobini iliyo tofauti. Mwaka huo huo Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alizunguka nchini akikusanya damu, akaona kwamba watu wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria wanaobeba chembe ya selimundu ni wengi, na wa nyanda za juu ni haba. Kilichotofautisha sehemu hizo ni mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayebeba chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria. Leo utafiti wa malaria na selimundu unaendelea Kilifi, katika kituo cha KEMRI na Wellcome kilichoanza 1989, na chanjo za malaria zilizoidhinishwa na WHO mwaka 2021 na 2023 zote mbili zilijaribiwa huko pia. Wahitimu wa baiokemia wamo humo wakivaa koti jeupe bila kuhitaji usajili wa hospitali, kwa kuwa kazi yao ni utafiti.

Hapo ndipo tatizo langu na serikali linapoanzia. Sheria ya sayansi ya mwaka 2013 inasema asilimia mbili ya pato la taifa iende kwenye utafiti kila mwaka. Hatujafika hata asilimia moja. Kwa hivyo tumeishi kwa pesa za wageni, na mgeni akikunja mkono, sisi ndio tunalala njaa. Machi 2022 Moderna ilitangaza kiwanda cha chanjo nchini cha dola milioni 500. Aprili 2024 ikasitisha ikisema soko halipo. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na kufikia Julai USAID ilikuwa imefungwa. Waliotolewa kazini kwenye miradi ya afya ni wasomi walewale tunaowaambia watoto wawaige.

Ndiyo maana sikumwambia jirani yangu kwamba sayansi italipa. Nilimuita bintiye, akaja, "Shikamoo mjomba," akakaa kwenye kibao. Nikamuuliza anataka nini hasa. Kama ni kazi ya hospitali, na nyumbani wanahitaji mshahara mapema, basi achague maabara ya matibabu, na asione haya kwenda KMTC. Kama anataka baiokemia, ajue miaka minne haitoshi: atahitaji uzamili, atahitaji kujifunza kuchakata data kwa kompyuta maana siku hizi nusu ya kazi iko huko, na likizo ya kwanza tu aanze kubisha hodi Kilifi na kwenye maabara za bandarini, asingoje kuhitimu. Na ajaze fomu za ufadhili na mkopo wa HELB kwa makini, kwani tangu mfumo mpya wa 2023 ni hali ya familia inayoamua utapewa kiasi gani, na mama yake huuza viazi karai kando ya barabara kuu.

Aliniambia ana ndugu mdogo mwenye selimundu. Kila mwezi yuko hospitali. Anataka kujua kwa nini yule mtoto huzidiwa hivyo na yeye, waliozaliwa tumbo moja, haumwi kitu.

Mama yake alikuwa hajawahi kumsikia akisema hivyo. Tukafungua ukurasa tena, akaweka baiokemia ya Kilifi chaguo la kwanza, na maabara ya matibabu chini yake. Simu ilikuwa imebakisha chaji kidogo. Kabla hajabofya akaniuliza kama udongo wa Owino Uhuru ulishasafishwa, na nani hupima damu ya watoto wa kule siku hizi. Nikamwambia hilo aende akaulize ofisi ya chifu, na nitakwenda naye.