Nahodha Wengi, Chombo Huenda Mrama: Kuandaa Mashindano ya Vyombo vya Kale

Wahenga walinena kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo hutajwa zaidi katika mambo ya nyumba na ya ofisi, lakini asili yake ni majini, na ni majini vilevile ukweli wake unakopimwa. Kwa miongo kadhaa sasa, katika nchi nyingi zenye bahari au ziwa, watu wamekuwa wakifufua mashindano ya vyombo vya tanga vya zamani, yaani vile vilivyoundwa kwa mbao, vikaendeshwa kwa upepo, kisha vikawekwa kando mashine ziliposhika kazi. Mji wa Bujumbura, uliokaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, una maji, una upepo na una vijana wa kutosha kuyafanya hayo. Kinachotakiwa ni kujua kazi yenyewe kabla ya kuinua bendera. Nayo kazi hiyo si kununua kombe. Ni kuwatoa watu majini, na kuwarudisha wote nchi kavu.

ZIWA NA VYOMBO VYAKE

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, na kina chake hufika mita 1,470. Ni ziwa la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal la Urusi. Vyombo vya tanga si vigeni humo. Mwaka 1858, Speke alilivuka kutoka upande wa Ujiji ili kukodi jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamid bin Sulayyim. Mwezi wa Novemba 1871, Livingstone na Stanley walifika kaskazini ya ziwa kwa mtumbwi, wakahakikisha kwamba Mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Mwaka 1876, Stanley alirudi na mashua yake, Lady Alice, akalizunguka ziwa lote kwa siku 51.

Ziwa hilo lina pia mfano mkubwa wa chombo kilichofufuliwa. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mashine yake mafuta mazito ili isile kutu. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikawabeba abiria wa ziwa kwa miaka mingi. Funzo lake ni wazi: chombo huokolewa kwanza na yule aliyekitunza siku ya mwisho, ndipo na yule anayekiinua.

MFANO WA LAMU

Kwa mtu wa Afrika ya Mashariki, mfano wa kujifunza uko Lamu, pwani ya Kenya. Mji huo wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Katika tamasha lake la utamaduni, mashindano ya majahazi na mashua hufanywa mbele ya mji, pamoja na mbio za punda, kuogelea na bao. Mashua za huko hufunga tanga moja la pembe tatu kwenye foromali. Kubadili upande wa tanga hilo katika upepo mkali kwahitaji nahodha mmoja anayeamuru na mabaharia wanaotii mara moja. Anayesita hulowa, na pengine hupindua chombo.

Faida ya mashindano hayo haiishii kwa mshindi. Mashua isiyotengenezwa haishindi, kwa hiyo kila mwenye mashua huwaendea mafundi, kama wale wa kijiji cha Matondoni, kubadili ubao uliooza, kukalafati nafasi za mbao kwa pamba na mafuta, na kukata tanga jipya. Fundi anayepata kazi humchukua kijana wa kumfundisha. Ufundi usiokuwa na kazi hufa. Mtepe, chombo cha pwani ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba bila msumari, ulitoweka katika karne ya 20. Waliotaka kuuona tena walilazimika kuunda mfano wake. Laiti ungalikuwa na kazi au mashindano ya kuufanya utakiwe, labda hadithi yake ingalikuwa nyingine.

CHOMBO GANI NI CHA KALE?

Hili ndilo swali la kwanza la kamati, na lisipojibiwa mapema huleta ugomvi siku ya zawadi. Katika mashindano ya Bahari ya Kati, yoti, yaani mashua za tanga za burudani na mashindano, hugawanywa kwa mwaka zilipoundwa: zilizoshushwa majini kabla ya mwaka 1950 huwa kundi moja, na zile za mwaka 1950 hadi 1975 huwa kundi la pili. Vyombo vipya vilivyoigwa mtindo wa kale huwekwa peke yao. Kamati ya Bujumbura haina haja ya kuiga miaka hiyo. Inaweza kuandika kwa maneno mepesi: chombo kiwe cha mbao, kiendeshwe kwa tanga au kasia, na kiwe kimeundwa na mafundi wa ziwa hili. Mtumbwi wa mvuvi wa ndagala usipangwe pamoja na mashua ya tajiri.

Tatizo la pili ni kwamba vyombo havilingani. Mrefu hukimbia kuliko mfupi hata nahodha wake akiwa mzembe. Ndiyo maana wapimaji hukipa kila chombo kadiri yake ya kuzidisha muda. Tuseme chombo kidogo kimetumia dakika 180, na kadiri yake ni 0.90, muda wake wa hesabu ni dakika 162. Chombo kikubwa kimetumia dakika 170, na kadiri yake ni 1.00, muda wake hubaki 170. Kikubwa kimetangulia kufika, lakini kidogo ndicho mshindi. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani kabla ya mashindano, ili kila mtu aione, asije mmoja kudai baadaye kwamba amedhulumiwa.

SHERIA ZA NJIA

Mashindano ya tanga huanza kwenye mstari wa maji, baina ya mashua ya waamuzi na boya. Kwa desturi ya kimataifa, ishara ya kwanza hutolewa dakika 5 kabla ya kuanza, ya pili dakika 4, ya tatu dakika 1, kisha ya kuondoka. Kila ishara ina bendera na mlio wake. Bendera ndiyo yenye nguvu, kwa sababu mlio huchelewa kufika mbali.

Mstarini ndipo ajali nyingi zinapotishia, maana vyombo vyote vyataka nafasi ile ile. Hapo hutawala sheria mbili kubwa. Chombo kinachopata upepo upande wa kulia kina haki ya njia. Kinachoupata upande wa kushoto hukipisha. Na viwili vinapoupata upande mmoja, kile kilicho upande utokako upepo hukipisha cha chini yake. Nahodha asiyeweza kuzitamka sheria hizo kwa ufasaha asiruhusiwe kushika usukani.

Si jambo la mzaha. Huko Saint-Tropez, Ufaransa, mashindano ya La Nioulargue yalizaliwa mwaka 1981 kutokana na vyombo viwili kutakana ubingwa, yakakua hadi kuvuta yoti za kale kutoka mbali. Mwaka 1995, jahazi kubwa Mariette, lililoundwa Marekani mwaka 1915, liligongana na yoti ndogo, na baharia mmoja akafa. Mashindano yakasimama kwa miaka kadhaa, yakarejea mwaka 1999 kwa jina jipya. Dakika moja ya kugongana ilitosha kuzima furaha ya miaka mingi.

SOMO LA MWAKA 1979

Mashindano ya Fastnet, yanayoanzia kusini ya Uingereza na kuuzunguka mwamba wa Fastnet karibu na Ireland, yalianza mwaka 1925 kwa vyombo 7 tu. Mwaka 1979 vilikuwa 303. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Agosti dhoruba iliwakuta wengi wangali baharini. Washindani 15 walifariki. Helikopta, meli za kivita na mashua za uokoaji zilifanya kazi mchana na usiku. Mabaharia wa vyombo 24 walivihama vyombo vyao, na vingi kati ya hivyo vilikutwa baadaye vingali vyaelea. Tangu hapo mabaharia wamefundishwa kutoacha chombo mpaka chombo chenyewe kiwe kinawaacha. Waandaaji nao walikaza masharti: redio ikawa lazima, na idadi ya vyombo ikawekewa mpaka.

Ziwa Tanganyika si Bahari ya Atlantiki, lakini si bwawa pia. Wakati wa kiangazi, takriban Mei hadi Septemba, kusi huvuma kufuata urefu wa ziwa, na mawimbi hupata nafasi ndefu ya kukua kabla ya kuufikia ufuko wa Bujumbura. Wakati wa mvua, dhoruba hushuka ghafla kutoka milimani. Kwa hiyo kamati iwe na mtu mmoja, mmoja tu, mwenye mamlaka ya kuahirisha mashindano, wala asishurutishwe na mgeni wa heshima aliyekwisha kukaa kitini. Njia ya mashindano isipite karibu na mlango wa Mto Rusizi, makao ya viboko na mamba. Pia ipangwe mbali na nyavu za wavuvi na njia ya meli za bandari.

Hapa askari na polisi wana kazi wanayoijua. Kila chombo kihesabiwe watu wake kwa majina kinapoondoka, na kihesabiwe tena kinaporudi, kama doria inavyohesabiwa langoni. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, limefungwa, siyo kuwekwa chini ya kiti. Mashua za mota za uokoaji zigawane eneo, kila moja ijue maboya yake na iwe na mtu hodari wa kuogelea. Daftari lisifungwe mpaka jina la mwisho limepigwa alama.

KAZI YA FAMILIA

Tanga ni nguo, na mwenye nyumba ajua nguo inavyotunzwa. Tanga la pamba likikunjwa na unyevu huota ukungu na kuoza, kama hema la askari lililorudishwa ghalani likiwa limelowa. Lianikwe kivulini penye upepo hadi likauke kabisa, likunjwe kwa mistari tofauti kila mara ili lisikatike pale pale, na mishono yake ikaguliwe kabla ya kila safari. Uzi uliokatika leo hushonwa kwa dakika 10; ukiachwa, kesho tanga zima hupasuka.

Siku ya mashindano, watoto wakae kivulini na mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuwaangalia wao, si vyombo. Kila baharia apewe maji ya kunywa ya kutosha na chakula kisichomwagika, kama muhogo wa kuchemsha au ndizi. Mtu akitolewa majini hapumui, asitundikwe miguu juu wala kukandamizwa tumbo. Alazwe chali, kichwa kiinuliwe nyuma kidogo, apulizwe pumzi mdomoni, asukumwe kifua, na daktari aitwe papo hapo. Jambo hilo lifundishwe majuma kadhaa kabla, si wakati wa kilio.

USHINDI ULIO MKUBWA

Yoti iliyoshinda Fastnet ya kwanza mwaka 1925 yaitwa Jolie Brise. Iliundwa Le Havre, Ufaransa, mwaka 1913, kwa kazi ya kuwapeleka marubani kwenye meli. Ilishinda tena mwaka 1929 na 1930. Lakini mabaharia huikumbuka pia kwa mashindano ambayo haikushinda. Mwaka 1932, ikiwa katika mbio za kwenda Bermuda, ilionekana ishara ya dharura gizani: jahazi Adriana lilikuwa likiwaka moto. Nahodha wa Jolie Brise aliacha mbio, akageuka, akakisogeza chombo chake kando ya lile lililokuwa likiungua. Kati ya watu 11, waliokolewa 10. Mmoja alianguka baina ya vyombo viwili, akafa maji.

Chombo hicho kingali chasafiri, kikitunzwa na wanafunzi wa shule ya Dauntsey's ya Uingereza, ambao hukwangua mbao zake, huzipaka rangi na kufunga matanga yake kwa mikono yao wenyewe. Shule ya Bujumbura yaweza kuanza na mtumbwi mmoja wa zamani na fundi mmoja mzee aliye tayari kufundisha. Mwaka wa kwanza utengenezwe. Mwaka wa pili wanafunzi wajifunze kuogelea na kuuendesha. Mwaka wa tatu, kamati yenye mwenyekiti mmoja, daftari moja na mashua za uokoaji za kutosha yaweza kupanga mbio fupi mbele ya mji. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya kwanza ni maandalizi.