PEVINGI NI ZA WAGENI, UTELEZI NI WA BIBI (Sehemu ya 3)

Leo sibembelezi mtu. Sehemu ya 1 niliandika vidonda vya kulalia, Sehemu ya 2 namna ya kumgeuza mgonjwa wa nyonga kitandani. Mlishukuru wengi, ndaga fijo. Mkauliza dawa, mkauliza godoro. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bibi aliangukia wapi. Basi nakwambia: aliangukia kwako, kati ya mlango wa nyuma na choo.

Hebu zunguka Kyela mjini, nenda Ipinda, shuka mpaka Matema, pita na Kasumulu mpakani. Nyumba mpya zinaota, na kila mwenye nafasi anamwaga pevingi mbele. Nyekundu na kijivu, zimepangwa maua, gari linaingia bila kugusa tope. Pazuri, sisemi uache. Sasa zunguka nyuma ya nyumba hiyohiyo. Huko kuna njia nyembamba ya saruji iliyopigwa niru ikang'aa kama sufuria, au matofali mawili matatu yaliyobaki yametupwa kwenye tope, moja linacheza ukilikanyaga. Juu yake utando wa kijani. Na hiyo ndiyo njia anayopita mama yako saa kumi alfajiri, giza, na malapa yaliyolika soli.

Mbele gari linapita mara mbili kwa siku. Nyuma bibi anapita mara nane. Nani anastahili pevingi?

Na hii ni Kyela jamani, siyo Dodoma. Mvua zetu zinaanza Novemba, na Machi na Aprili zinapiga kwelikweli. Tuko chini kabisa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, joto lipo, unyevu upo, migomba na mikokoa imefunika uwanja jua halifiki. Utando wa kijani ukipata kivuli, maji na joto, unataka nini tena? Ongeza maji ya bati yanayodondoka palepale njiani kwa sababu hakuna gata, na maji ya vyombo yanayomwagwa mlangoni. Halafu mtu anaanguka, ukoo unakaa kikao, nasikia eti "kuna mkono wa mtu".

Mkono wa mtu upo, sikatai. Ni wa fundi aliyemwaga saruji bila mteremko, na ni wa kwako ulioshindwa kushika brashi.

Wengine mnasema ni uzee tu. Hapana. Uzee unapunguza macho na nguvu za miguu, mifupa inakuwa myepesi, hilo kweli. Ndiyo maana njia yake inatakiwa iwe nzuri kuliko ya kwako, siyo mbaya kuliko ya kwako. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Wazee ndio wanaoongoza.

Nyonga ikivunjika, mguu unaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje. Ukiona hivyo usimsimamishe, usiukande kwa maji ya moto, usimpakie kwenye bodaboda. Mlaze, mguu usichezecheze, tafuta gari. Mara nyingi inahitaji upasuaji, na hapo safari ni ya Mbeya, zaidi ya kilometa 100 kupandisha Tukuyu. Anayebaki amelala wiki kwa wiki anapata vidonda, nimonia, damu kuganda mguuni. Yaani bibi hafi kwa mfupa. Anakufa kwa kulala.

Sasa kazi, na siyo kazi ya mainjinia. Kila wiki wakati wa mvua, brashi ngumu au fagio la chelewa lililokatwa fupi, mchanga kidogo na sabuni ya unga, sugua. Utando ukiwa sugu, tumia dawa ya kung'arishia nguo ile ya klorini, kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi. Acha dakika 15, sugua, suuza sana. Watoto na kuku wakae mbali. Usiichanganye KAMWE na dawa kali ya kuoshea choo, moshi wake unachoma mapafu. Na karibu na kisima usitumie dawa kabisa, hapo ni brashi tu. Visima vyetu ni vifupi, unachomwaga juu utakinywa.

Wale wa mashine ya kuoshea magari: inang'arisha pevingi, lakini inafukua mchanga wa kwenye maungio, na pevingi bila mchanga zinaanza kucheza. Ukimaliza, na pakikauka, fagilia mchanga mkavu mpaka maungio yajae. Tofali lililozama linang'olewa, unaongeza mchanga chini, unalirudisha na kuligonga kwa ubao juu yake. Nusu saa. Oili ya pikipiki ikimwagika, mwagia pumba za mpunga zinyonye, zipo bure kila mashine hapa Kyela, kisha osha kwa sabuni.

Niru iliyokwishapigwa iparuze kwa patasi na nyundo ipate mikwaruzo. Kama ndiyo kwanza unajenga, mwambie fundi apitishe fagio juu ya saruji kabla haijakauka, na maji yateremke sentimita 2 kwa kila mita 1 kwenda mbali na nyumba. Akikwambia niru ndiyo ya kisasa, mwulize kama na yeye ana bibi.

Wapangaji mnanitumia ujumbe kwamba nyumba siyo yenu. Brashi ni yenu. Gata mwambieni mwenye nyumba, mkiwa wengi, siku ya kulipa kodi, kabla hela haijatoka mkononi. Na wewe uliye Dar unayetuma hela ya geti: safari hii tuma ya njia ya nyuma, halafu omba upigiwe picha. Ya nyuma, nimesema.

Sehemu ya 4 nitaandika taa ya chooni na malapa.