Mazungumzo ya Mwezi: Siku Zilizopotea na Siku Zilizozidi

Mwezi huu baraza letu litazungumza habari za tarehe, maana hapana kitu tukitumiacho kila siku na kukichungua kidogo kama hicho. Mwalimu aingiapo darasani huandika kwanza tarehe ubaoni, ndipo aandike hesabu. Na watoto huinakili wasiulize imetoka wapi. Leo na tuulize.

Tuanze na juma letu wenyewe. Hesabuni kwa vidole. Jumamosi ni siku ya mosi, na mosi ndiyo moja kwa maneno ya zamani. Jumapili ni ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Baada ya tano ingefaa ije ya sita, lakini yaja Alhamisi, nalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano! Basi juma la Waswahili lina siku mbili za tano, wala ya sita halina. Hawakuwa wajinga wazee waliotuachia majina hayo. Waarabu huanza kuhesabu kwa Jumapili, na kwao Alhamisi ni ya tano kweli. Watu wa pwani walianza na siku ile ifuatayo Ijumaa, ambayo ni siku ya mkutano wa sala, wakapata Jumamosi. Hesabu mbili zikapanga katika nyumba moja, na mpaka leo hazijagombana. Na Mkristo asomaye katika Injili ya kuwa Jumapili ni siku ya kwanza ya juma, kinywa chake huiita ya pili, wala haoni tabu.

Juma ni jambo jepesi, kwa sababu ni hesabu ya watu tu. Mashaka yote yako katika mwaka, maana mwaka ni wa jua, na jua halijali vidole vyetu. Mwaka mmoja wa jua ni siku 365 na karibu robo ya siku. Wazee wa pwani, mabaharia na wakulima, walikuwa na mwaka wao uanzao kwa Nairuzi, nao waliugawa kwa miongo, yaani siku kumi kumi, wapate kujua majira ya pepo na ya kupanda. Lakini mwaka ule ni wa siku 365 bila robo. Kwa hiyo Nairuzi ilisogea nyuma polepole, siku moja kwa kila miaka minne. Hata leo watu wa Makunduchi, katika kisiwa cha Unguja, hushika siku yao ya Mwaka Kogwa, wakapigana kwa mashina ya migomba na kuchoma kibanda, nayo siku hizi huangukia mwezi wa Julai. Neno lenyewe ni la Kiajemi, lina maana ya siku mpya, na kwa Waajemi huwa mwezi wa Machi. Hapo mwaweza kuona robo ya siku iwezavyo kumpeleka mtu mbali.

Warumi walikuwa na mashaka makubwa kuliko hayo. Kalenda yao ilikuwa mikononi mwa makuhani, nao walizidisha mwezi au kuuacha wapendavyo. Ndipo Julius Caesar alipomwita mtaalamu Sosigenes wa Aleksandria, akatengeneza mwaka mpya wenye siku moja ya kuzidi kila mwaka wa nne. Kusudi hesabu ipate kuanza vema, mwaka wa 46 kabla ya Kristo ulirefushwa hata ukawa na siku 445. Fikirini, ndugu, mtu aliyekopa fedha kwa sharti la kulipa mwisho wa mwaka alivyofurahi, na aliyemkopesha alivyonuna.

Hata hivyo Sosigenes alizidisha kidogo. Mwaka wa jua hautimizi robo kamili. Umepungukiwa na dakika kama 11. Dakika 11 ni nini? Ni muda wa kuchemsha chai. Lakini chai hiyo ikichemshwa kwa miaka 128 imekula siku nzima. Katika karne ya 16 Kanisa liliona ya kuwa siku ya Machi ambayo mchana na usiku ni sawa imekuja mbele siku 10, na kwa siku hiyo ndiyo Pasaka huhesabiwa. Basi Papa Gregorio wa 13 aliamuru siku 10 zifutwe. Katika nchi zilizomsikiliza, watu walilala Alhamisi 4 Oktoba 1582, wakaamka Ijumaa 15 Oktoba. Usiku ule ule alifariki Teresa wa Ávila, mtawa mashuhuri wa Hispania, na kwa hiyo husemwa ya kuwa alikufa usiku wa kati ya tarehe 4 na tarehe 15. Twadhani hapana mwanadamu mwingine aliyeagwa kwa usiku mrefu kama huo.

Waprotestanti na Waorthodoksi hawakutaka kuamriwa na Papa jua linatembeaje. Waingereza walikaidi hata 1752, ndipo wakaondoa siku 11: Jumatano 2 Septemba ilifuatwa na Alhamisi 14 Septemba. Husimuliwa sana kwamba watu walijaa barabarani wakidai warudishiwe siku zao 11, kwa kudhani ya kuwa maisha yao yamefupishwa. Habari hii ni tamu, nasi tungependa iwe kweli, lakini wataalamu wa historia walipotafuta ushahidi wa ghasia hizo hawakuuona. Yaelekea ilikuzwa na picha ya mchoraji William Hogarth, aliyemchezea shere kila mtu. Lililo hakika ni kwamba wenye kudai na kudaiwa hawakupenda kupunjwa siku, na alama yake imebaki: mwaka wa kodi wa Waingereza hata sasa huanza 6 Aprili, kwa kuwa zamani ulihesabiwa kwa 25 Machi, ukasogezwa kwa siku zile 11, na baadaye kwa siku moja tena. Warusi ndio waliokawia. Kwao 31 Januari 1918 ilifuatwa na 14 Februari. Mapinduzi yao makubwa ya Oktoba yakawa ni ya kukumbukwa Novemba.

Hizo zote ni siku zilizoondolewa kwa amri. Lakini ziko na siku zilizopotea pasipo mtu kuzigusa. Mwaka 1519 Magellan alitoka Hispania na merikebu tano kutafuta njia ya visiwa vya viungo kwa upande wa magharibi. Mwenyewe aliuawa huko Mactan, katika visiwa vya Ufilipino, mwaka 1521. Merikebu moja, Victoria, ilisonga mbele kwa njaa na maradhi. Ndani yake alikuwamo Mwitalia, Antonio Pigafetta, mwenye desturi ya kuandika habari za kila siku. Mwezi wa Julai 1522 walifika visiwa vya Cape Verde, wakawatuma watu pwani kutafuta chakula, wakawaagiza waulize leo ni siku gani. Wakajibiwa, Alhamisi. Katika daftari la Pigafetta ilikuwa Jumatano.

Pigafetta alistaajabu sana, kwa maana hakuugua njiani wala hakuacha siku hata moja bila kuandika. Na hakika hakukosea. Waliizunguka dunia yote wakilifuata jua liendako, na kila siku yao ilikuwa imerefuka kidogo sana. Walipotimiza mzunguko, urefu ule umekuwa siku kamili. Jua lilikuwa limewachomozea mara moja pungufu kuliko lilivyowachomozea watu waliokaa nyumbani. Watu 18 tu ndio waliofika Hispania katika merikebu ile mwezi wa Septemba, wamekonda, wenye siku moja pungufu. Twampenda sana mtu huyu. Wengi wangaliogopa kuaibika, wakafuta Jumatano wakaandika Alhamisi, mambo yakaisha.

Ndiyo sababu baadaye ukawekwa mstari katika bahari ya Pasifiki ambapo tarehe hubadilika. Kisiwani Samoa wameuchezea mstari huo mara mbili. Mwaka 1892, ili wafuatane na wafanya biashara wa Marekani, walishika 4 Julai mara mbili, leo na kesho. Mwaka 2011 wakageuka kufuatana na Australia na New Zealand, wakairuka Ijumaa 30 Desemba isiwepo kabisa. Aliyezoea kulipwa mshahara siku ya Ijumaa na asimulie mwenyewe.

Na Samoa ndiko alikokaa Robert Louis Stevenson, yule aliyetunga kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Kulikuwa na Mmarekani, Henry Clay Ide, mwenye kazi ya serikali huko, naye alikuwa na binti jina lake Annie. Mtoto huyo alizaliwa siku ya Krismasi, basi alinung'unika kwamba watoto wote hupata sikukuu mbili, yeye apata moja. Stevenson aliposikia, na kwa kuwa alikuwa amesomea sheria, mwaka 1891 aliandika hati kamili yenye mashahidi, akampa siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, 13 Novemba. Alieleza ya kuwa amefika umri ambao siku hiyo haimfai tena. Masharti yalikuwa mtoto avae vizuri siku hiyo, ale vyakula vya kunona na kupokea zawadi. Asipoitunza, siku hiyo ihamie kwa Rais wa Marekani!

Tulipowasomea watoto wa nyumbani habari hii walicheka, lakini shangazi yetu hakucheka. Yeye alikuwa na neno lake kuhusu tarehe. Miaka kadhaa iliyopita alikwenda katika ofisi fulani kuandikisha kitambulisho, na karani alipomwuliza alizaliwa lini akajibu, "Wakati wa mvua za vuli, baba akiwa vitani Burma." Karani akamtazama, akaandika 1 Januari 1950. Wasomaji wengi wanajua jambo hili. Ziko nyumba ambazo wazee wote wamezaliwa 1 Januari, kana kwamba zamani wakunga walifanya kazi siku moja kwa mwaka. Lakini kwa shangazi yetu iliuma zaidi, kwa kuwa baba mdogo wetu, ambaye ni mdogo wake, ana cheti cha 1947. Siku ile ile baba mdogo alikaa kitini akanyosha miguu akasema, "Dada, njoo uniamkie." Shangazi akamjibu, "Mimi nikuambie shikamoo wewe niliyekubeba mgongoni?" Ilikuwa mzaha, ila mzaha ule ulirudiwa kila Krismasi, na kila mara alicheka kidogo kuliko mara iliyotangulia. Mtu aliyewalea wadogo zake tangu mama yao alipofariki hana mali nyingine kama ukubwa wake.

Basi mwalimu mmoja rafiki yetu akasema, tuyapime maneno ya mama huyu kama tupimavyo ya Pigafetta, kwa kudhani kwanza ya kuwa hakukosea. Askari wa Afrika ya Mashariki waliingia Burma katika mwaka 1944, na vita vilikwisha Agosti 1945. Vuli ni Oktoba hata Desemba. Katikati ya hayo mawili hapana vuli ila moja, ya 1944. Kisha tukaenda kukitazama kitabu cha ubatizo, wino wake umekuwa rangi ya kutu, tukaliona jina lake: amebatizwa Pasaka ya 1945, mtoto wa mikono. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa 1 Aprili. Neno la karani halikuwa na shahidi. Neno la shangazi lilikuwa na mashahidi wawili, vita na padre.

Tulipopeleka karatasi zile, karani mwingine, kijana mwenye adabu, alikubali mwaka 1944 bila maneno. Lakini fomu yake ilitaka siku na mwezi, wala siku yenyewe hapana aijuaye. Akasema, "Bibi, chagua wewe mwenyewe, ila iwe ya vuli." Wajukuu wakashauri Krismasi, naye akakataa, akiwakumbusha Annie na sikukuu yake moja, akasema nyama haitakiwi kuliwa yote siku moja. Mmoja akasema, basi chukua 13 Novemba, ile ya Bwana wa Samoa. Shangazi akafikiri.

"Hiyo alikwisha kuitoa," akasema, "nami sichukui kitu cha mtu. Andika 12, nimtangulie."

Tulipofika nyumbani mwalimu yule akahesabu nyuma kutoka Pasaka ya 1945, akapata majuma 20 kamili. 12 Novemba ilikuwa Jumapili. Shangazi akasema alijua. Kisha akaketi katika kile kiti cha baba mdogo, akamngoja aje.