Nyoka Hazoeshwi kwa Kiki

Ebu niambie ukweli. Ukiona nyoka mdogo uani, mkono wako unatafuta nini kwanza: jiwe au simu?

Mwaka jana nilienda Bungoma kukaa na binamu yangu. Nilikuwa nimeacha chuo kule Kitale, karo ilikwisha kabla ya kozi, kwa hivyo muda nilikuwa nao. Binamu alikuwa amepata nyoka mchanga kwa ghala la mahindi, yule wa kahawia asiye na sumu anayekula panya. Alimtia kwa ndoo, akawa anamtoa kila saa ili arekodi klipu. Nyoka alijikunja, akarusha kichwa, akajaribu kuuma. Siku tano hakula kitu. "Huyu ni mkali," binamu akasema. Mkali wapi! Alikuwa anaogopa.

Fikiria ndiwe yeye. Urefu wako ni penseli mbili. Mwewe, paka na hata kuku wanakuona chakula. Ghafla kiganja kinashuka kutoka juu, vile mwewe hufanya. Si ungeuma?

Wanaojua kufuga nyoka hufanya kinyume kabisa. Nyoka mgeni huachwa wiki moja au mbili bila kuguswa, awe na maji na pa kujificha, mpaka ale vizuri. Akishakula anaachwa siku mbili, la sivyo anaweza kutapika. Macho yakiingia ukungu ujue anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri, kwa hivyo mwache. Osha mikono isinuke panya. Mwinue kutoka ubavuni, mwili wote ukiwa umeegemea mikono yako, si kwa kumkaba shingo wala kumvuta mkia. Siku za kwanza dakika tano zinatosha. Hata akizoea, usijidanganye ati anakupenda. Amejua tu kwamba wewe si mwewe.

Lakini msee, hii si ruhusa ya kwenda kuwinda. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa, na wanaohusika na vibali ni KWS. Sisi hatukujua. Tena, udogo wa nyoka si usalama: kifutu huzaliwa na sumu yake tayari. Ukikosea kumtambua, klipu yako itaishia wodini.

Kuua kila nyoka nako si jibu. Najua huku Bungoma tumelelewa na simulizi ya Mango, aliyeua joka Yabebe, na Wabukusu husema tohara yao ilianzia hapo. Sawa. Ila Mango alikabili joka lililokuwa likiua watu. Wewe unamponda anayekulindia mahindi, halafu kesho unalia panya wamemaliza gunia.

Maoni yangu ni haya: anayefaa kuzoeshwa kwanza ni wewe. Panda matatu uende Makavazi ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974. Wana nyoka pale. Simama nusu saa, simu ikiwa mfukoni. Uliza wahudumu yupi ana sumu na yupi hana. Nayo makavazi, pamoja na kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, yatutengee vijana hata siku moja kwa mwezi tufunzwe na wenye ujuzi na kibali. Tunaambiwa kila siku tuhifadhi mazingira, lakini nani ametufunza kukaa karibu na kiumbe tunachokiogopa bila kukipiga?

Siku ya sita tulimrudisha ghalani. Tuliilaza ndoo kwa ubavu, tukarudi nyuma, tukanyamaza. Alichukua kama dakika kumi kutoka, polepole, bila kurusha kichwa hata mara moja. Hatukurekodi. Ungekuwa wewe, ungeweza?