Kumwonya Mtu Bila Kumvunja Moyo

Juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo linalotupata sote, nalo ni jinsi ya kumwambia mwenzio kwamba kazi yake haikwenda vizuri.

Sisi wa Mwadui na vijiji vya jirani twaijua kazi ya kusimamiwa. Tangu Dakta Williamson alipovumbua almasi hapa mwaka 1940, nyumba nyingi za pande hizi zimekuwa na baba, kaka au mjomba wa mgodini. Katika kazi ya namna hiyo kosa halifai kunyamaziwa. Dereva wa lori akizembea, aweza kufa au kuua. Basi kuonya ni lazima. Shida yetu ni namna ya kuonya.

Msimamizi mwingine humwita kijana "mjinga" mbele ya wenzake. Kijana huinamisha kichwa, asijibu neno. Je, amejifunza nini? Amejifunza kuficha. Kesho chombo kikipata ufa mikononi mwake, hatasema. Atakirudisha stoo kimyakimya, na wa zamu ya pili ndiye atakayeumia.

Jambo hili limewahi kuitikisa nchi yetu. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi walikishika sana kifungu hicho. Katika miaka miwili iliyofuata ikawa migomo viwandani Dar es Salaam, na lililolalamikiwa halikuwa mshahara tu, bali pia jinsi wakubwa walivyosema na watu wao.

Siku hizi hata sheria yasema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za mwaka 2007, yamtaka mwajiri asimwachishe mtu kazi mara moja kwa sababu hafikii kiwango. Kwanza atafute chanzo, amwelekeze, ampe nafasi ya kujirekebisha.

Labda utasema, "Mimi si msimamizi wa mtu." Kweli? Una kibarua shambani, una kijana wa kuchunga ng'ombe, una binti akusaidiaye jikoni. Tazama mfano wa pamba. Kibarua amechanganya pamba safi na chafu. Ukimwambia, "Wewe mvivu," umemtukana, wala hajui afanye nini kesho. Fanya hivi. Mwite kando, siku ile ile, hasira ikiisha kutulia. Mwonyeshe pamba yenyewe mkononi: "Tazama, hii ina majani, na hii ina madoa. Mnunuzi akiikuta humu ataishusha yote daraja, nasi tutapata fedha kidogo." Kisha muulize, "Imekuwaje?" Hapo nyamaza, umsikilize.

Huenda akajibu, "Mama, ulinipa gunia moja tu. Chafu ningeitia wapi?" Lo! Kumbe nusu ya kosa ni yako. Kama ungalianza kwa matusi, usingalijua kamwe; msimu wote ungalipita pamba ikichanganyika, nawe ukimlaumu mwenzio. Mpe gunia la pili. Na kesho ukiikuta pamba imechambuliwa vizuri, usipite kimya. Mwambie, "Leo umefanya vema." Wengi wetu tuna sauti kubwa kwa kosa, lakini kwa jema hatuna hata neno.

Wazazi, jaribuni jambo hili juma hili kwa watoto wenu pia. Semeni juu ya kazi iliyoharibika, msiseme juu ya utu wa aliyeifanya. Kazi yaweza kurudiwa kesho asubuhi, lakini mtoto aliyeitwa mjinga mbele ya wageni hukaa na neno hilo miaka mingi.