Nozeli Imehukumiwa Bila Kupimwa

Hoja zenyewe mmezisikia, kwa sababu hazisemwi kwa kunong'ona. Gari la dizeli likitoa moshi, likimisi au likigoma kuwaka, jibu la gereji nyingi huwa tayari kabla boneti halijafunguliwa: nozeli zimekufa, tafuta hela ya nne. Nazileta hoja hizo mbele yenu moja moja, mzipime wenyewe. Nazungumzia injini za komoni reli, mfano 1KD-FTV ya kwenye Hilux, Hiace na Prado, maana huko ndiko kubahatisha kunakogharimu.

Wanaanza na moshi mweusi: wanasema ni ushahidi tosha kwamba nozeli inamwaga mafuta. Kuna ukweli ndani yake. Nozeli iliyolika ncha hudondosha mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu, na mafuta yasiyopata hewa ya kutosha huishia kuwa masizi. Ila moshi huo unatangaza jambo moja tu, kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa. Hausemi kama mafuta yamezidi au hewa ndiyo iliyopungua. Filta ya hewa iliyojaa vumbi, mpira wa tabo uliopasuka na valvu ya EGR iliyoganda ikiwa wazi vyote hutoa moshi uleule. Halafu angalieni mantiki yao inavyojizunguka: moshi ukiwa mweusi, nozeli inavuja, gari likikosa nguvu bila moshi, nozeli imeziba, moshi ukiwa mweupe asubuhi, nozeli imekufa, ingawa plagi za kupasha moto na kompresheni hazijaguswa. Mshtakiwa huyu anatiwa hatiani kwa dalili yoyote na kwa kinyume chake. Huo si uchunguzi.

Hoja ya pili ndiyo inayowatisha wenye magari, kwa kuwa inakuja na skrini. Mashine imesoma P0201, kwa hiyo nozeli ya silinda ya kwanza ni mbovu. Wanaoitoa wangesoma maelezo ya kodi hiyo hadi mwisho wasingeitoa. P0201 inahusu saketi ya nozeli ya silinda ya kwanza, yaani njia nzima ya umeme kutoka kwenye kompyuta ya injini, kupitia waya na soketi, hadi ndani ya nozeli na kurudi. Waya uliotafunwa na panya huleta kodi hiyo. Soketi iliyoshika kutu huileta pia, na nozeli mpya ikichomekwa kwenye soketi hiyohiyo, taa ya injini itarudi pale pale. Kinyume chake nacho ni kweli: nozeli iliyolika vibaya ndani inaweza kuwa na umeme mzima kabisa, isiandike P0201 hata siku moja.

P0087 nayo husema tu kwamba presha ya reli iko chini. Watuhumiwa hapo ni filta ya dizeli iliyoziba, hewa inayonyonywa kwenye paipu, valvu ya pampu, pampu yenyewe, valvu ya usalama ya reli, na ndiyo, nozeli. Cha ajabu, mashine iliyosoma kodi huwa pia na uwezo wa kuonyesha presha inayotakiwa na iliyopo, na mara nyingi marekebisho ya mafuta kwa kila silinda injini ikiwa sailensa. Kurasa hizo hazifunguliwi. Na kama kweli mnaamini kwamba mashine imetaja silinda moja, hizo nozeli tatu nyingine mnaziuza kwa ushahidi upi?

Kuhusu kulegeza nati ya paipu ili kujua silinda ipi imelala, nitasema kwa ufupi. Kwenye 2L, 3L au 1HZ ni mbinu halali ya miaka mingi. Kwenye komoni reli presha huwa mamia ya baa hata injini ikiwa sailensa, na hupita baa 1,000 ikibanwa mzigo. Mchirizi wa dizeli wa namna hiyo hupenya ngozi, na jeraha lake ni la kupelekwa kwa daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Silinda huzimwa kwa mashine.

Hoja nzito zaidi ni hii: hakuna njia ya kupima nozeli bila kuzing'oa, na zikishang'olewa ni busara kufunga mpya. Sehemu ya kwanza si kweli. Kila nozeli ya komoni reli hurudisha mafuta kidogo kupitia paipu ya ritani. Unganisha kila moja na kichupa chake, washa injini, linganisha ujazo. Nozeli inayojaza chupa wakati wenzake wako robo ndiyo inayoiba presha, na mara nyingi ndiyo siri ya gari linalowaka asubuhi na kugoma likiwa moto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na huvuja zaidi. Paipu hizo zikiwa chini ya kava kazi huwa ndefu, lakini bei yake bado haifiki ya nozeli nne.

Vichupa vikilingana na silinda bado imelala, pimeni kompresheni. Ikiwa nzima, hapo sasa kung'oa kuna sababu: hamisheni nozeli kwenye silinda nyingine, muone kama ugonjwa unaifuata, kisha ipelekwe kwa fundi nozeli mwenye mashine ya kupimia. Kung'oa kwa kubahatisha kuna madhara yake. Washa za shaba lazima ziwe mpya, na kwenye 1KD-FTV washa isiyoziba huruhusu masizi kuingia kwenye oili hadi chujio la kunyonyea linaziba na injini inakosa oili. Nozeli mpya huwa na kodi yake ya kuingizwa kwenye kompyuta. Fundi anayesema hilo si lazima hajui alichofunga.

Imebaki dawa ya kumimina kwenye tanki. Inaweza kulainisha uchafu. Haiwezi kurudisha chuma kilicholika, wala kutoa maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli, tatizo ambalo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, walianza kulikabili mwaka 2010 kwa kuweka vinasaba kwenye mafuta.

Basi kabla hujatoa hela, dai namba tatu: presha ya reli, ujazo wa ritani wa kila nozeli, na kompresheni ya silinda inayotuhumiwa. Fundi asiye nazo, chukua funguo zako.